Rangi ya Zambarau

Bwana mipango alibandika mchoro ukutani, darasa la tatu,
kwa pini nne, moja imepinda.
Urambo yetu ikatutazama kutoka pale juu
kama mtu uliyemzoea, leo kanyolewa.

Njano, alisema, ni pa kulala.
Zambarau ni pa kelele na moshi.
Kijani ni pa kuacha.
"Pa kuacha kufanya nini?" akauliza Msagata.
"Pa kuacha tu."
Tukacheka. Ardhi nyeusi vile, uiache tu?

Lakini kijani chenyewe tulikijua.
Ni pale maji ya Machi hupita bila kubisha hodi.
Yalibeba kuku wa Nyanzala, yakabeba na choo chake,
na kesho yake kisima cha bondeni kikanuka.
Maji hayana hati,
ila kiwanja chao wanakikumbuka wenyewe.

Kidole kikashuka hadi kwa Mihayo:
bani la tumbaku, katikati ya njano.
"Bani hili nimelijenga
karatasi yako ikiwa bado mti."
Kweli tupu.
Na kweli nyingine ilikuwa imekaa dawati la nyuma:
Kalunde, na mwanawe ambaye hadi leo
akisikia harufu ya jani likikaushwa
huingia chini ya kitanda.
Mei ya mwaka juzi, kuni za mtundu, upepo,
paa tatu kabla ya ndoo ya kwanza.

Nikanyoosha mkono. Juu kabisa.
Bani livuke reli.
Mihayo alinitazama bila hasira,
kama mtu aliyekwisha kusoma ukurasa unaofuata.

Kidole kikasogea.
Kitalu C, namba sitini na mbili.
Kwangu.

Miaka kumi na mmoja mashine yangu inasaga
ukuta kwa ukuta na shule hii.
Imenisomeshea wawili, imenizikia mume.
Ukiishi ndani ya mngurumo, mngurumo ndio kimya chako.
Mwalimu Sizya akasema, polepole, akiangalia chaki:
"Imla huwa nasoma mama akizima kupoza injini.
Napata dakika tisa."

Tisa.
Nilikuwa na la kujibu. Kwamba unga ni chakula,
tumbaku siyo. Kwamba kelele haijachoma nyumba ya mtu.
Ulimi ulikuwa tayari;
mkono, ule ule, ulikuwa haujapoa.

Sijui kama sheria ina moyo.
Karani aliyetuletea fomu hakuwa nao, alitaka picha mbili
na nakala tatu za kila kitu.
Ila kazi yake nimeiona:
inamzuia mtu
asiwe hali ya hewa ya jirani yake.

Julai nikahama. Injini ilibebwa na mkokoteni wa Mihayo,
naye akadai nusu ya bei, sikumuuliza kwa nini.
Sasa tunapakana ng'ambo ya reli,
moshi wake, kelele zangu,
na usiku hapana anayelala pale wa kumkera.
Wanawake wanavuka na madebe kichwani, wananinung'unikia.
Wana haki. Mguu wa mama mwenye debe
haukupewa rangi kwenye mchoro.

Jumanne nilirudi kufagia banda la zamani.
Dirisha la darasa halina kioo.
Sauti ya Mwalimu Sizya ikaja nzima, haikukatika:
"Kiwanja.
Ng'ambo.
Mng'ao."
Nikachomoa daftari la madeni ya unga,
nikaandika nao, chini ya deni la Msagata,
nimeegemea ukuta ambao hautetemeki.

La tatu nilikosea.