Mstari Katikati ya Karatasi

Nilichora mstari katikati ya karatasi
kwa ukingo wa boksi la nafaka za watoto.
Kushoto: hoteli iliyo ndani ya uzio wa bustani ya michezo.
Kulia: moteli ya barabarani, Kissimmee, maili sita na nusu.
Nje, Dayton ilikuwa ikimwaga theluji ya matope.
Corinne alikwisha lala. Ana zamu ya alfajiri.

Kushoto, usiku mmoja: dola mia nne na kumi na tisa.
Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena
kwa tarakimu ndogo zaidi, labda ingenywea.
Kwa bei hiyo hufunguliwa lango
nusu saa kabla ya umma.
Nusu saa mara siku nne, saa mbili.
Sijawahi kununua saa mbili.
Nimeziuza, tena nyingi,
na najua zilikwenda kwa ngapi.

Kulia, themanini na tisa!
Nikachekelea peke yangu jikoni,
hadi maandishi madogo yakaanza kutoka kama siafu:
ada ya bwawa, uogelee usiogelee;
kodi ya jimbo, kodi ya kaunti;
kuegesha gari bustanini, thelathini kila uchao,
au basi la bure, lenye saa zake na kiburi chake.
Rahisi huvunja upishi, naam,
ila ghali huvunja chungu chenyewe.
Nikajumlisha. Pengo bado lilipita elfu moja:
meno ya Tobias, waya na daktari wake.
Nikaikunja karatasi. Kulia.

Aprili tukafika.
Mamba wa plastiki mlangoni, taya limefungwa kwa gundi ya karatasi.
Yesenia wa mapokezi akatupa funguo na taulo nne,
akasema wa tano alipe dola mbili,
kisha akatuhesabu, akacheka: tuko wanne.
Mwanawe alikaa ngazini, miguu majini.
Wanaishi chumba 114. Hulipa kwa wiki,
huu mwaka wa tatu.
Sikuuliza ni kiasi gani. Nilipiga hesabu tu, kimyakimya,
nikaona aibu, nikaacha katikati.

Usiku ule mtoto akasema, bila saa mkononi,
"Bado dakika nne."
Kisha, "Tatu."
Fataki zikachanua juu ya paa la duka la matairi,
nusu yake ya juu tu,
na mshindo ukaja nyuma, umechelewa,
kama mshahara.
"Za kijani ndizo za mwisho," Adriel alisema. Zikawa za mwisho.
Akamgeukia Junie wangu:
"Ukiwa ndani, mwanga na sauti huja pamoja?"
Junie akanitazama.
"Sijui," akasema. "Basi letu huondoka mapema."

Hilo halikuwamo kwenye karatasi,
si kushoto, si kulia.

Kesho yake tukaliacha basi liende.
Corinne alinibana kiwiko, hakusema neno.
Tukasimama na umati, shingo zimekakamaa,
Junie amefumba jicho moja, anapima.
Teksi ya kurudi: dola thelathini na nane.
Adriel alikuwa palepale ngazini, ingawa bwawa limefungwa.
"Pamoja," Junie alimwambia.
Akafikiri kidogo.
"Karibu pamoja."

Nikaitoa karatasi mfukoni, imelowa jasho,
nikaandika upande wa kulia:
thelathini na nane.