Hemani

Reli inatuita Kilomita Sitini na Moja.
Shamba la mkonge lilituita Kambi Namba Tisa.
Sisi wenyewe tunasema Hemani,
ingawa hema lenyewe halijasimama
tangu mama yangu hajang'oa meno ya utoto.

Walikuja kununua kamba. Basi.
Dhanjibhai na mabehewa yake matatu,
farasi mwenye chongo, nyani wanne wenye mafua,
na binti mwembamba, Kusum,
aliyetembea hewani
kama wewe unavyokwenda dukani kufuata chumvi.
Semkuya wa karakana akasokota nyuzi tatu,
akaing'ata kamba, akaivuta, akaitemea mate:
"Hii haikatiki. Labda roho."

Usiku ule masika yakasomba daraja.
Wiki ikawa mwezi.
Mwezi ukamla farasi.
Wakataji mkonge walilipa kiingilio kwa vibaba vya unga,
na Namkoko, Mmakonde wa kambi ya juu,
akaingia ulingoni juu ya mironjo yake bila kualikwa,
kichwa kikagusa turubai.
Dhanjibhai hakucheka.
Alimvulia kofia, akampa.

Daraja liliposimama, mabehewa mawili yakaondoka.
La tatu likabaki: deni la kamba.
Kusum naye akabaki, na kwa nini,
kila nyumba ina jibu lake.
Bibi yangu alisema ni mimba.
Mama Chambegha alisema alichoka kupigiwa makofi.
Nilimuuliza mwenyewe, akichambua mchele.
Akatoa jiwe, akalitazama, akalitupa.
"Kamba ilikuwa nzuri," akasema.

Hema tukalikata.
Ile mistari myekundu na myeupe
ikawa magodoro, ikawa pazia la zahanati,
ikawa kaptula za shule mwaka wa njaa,
na mara moja, wiki ya kipindupindu,
Mungu atusamehe,
sanda.

Nyuma ya korona, mashine ikinguruma,
Kusum alitufundisha kuanguka.
Si kuruka. Kuruka, alisema, hata panzi anajua.
*Kidevu kifuani. Goti liwe laini.
Usiuogope udongo, unakujua.*
Ndiyo maana mwashi wa kwetu akidondoka
husimama, hujipangusa suruali,
huuliza saa ngapi.
Ndiyo maana hatuheshimiki sana Korogwe:
wanasema watu wa Hemani
hata wakifilisika wanapiga danadana.

Kisha ikaja nailoni.
Bei ya mkonge ikadondoka bila goti laini,
bila kidevu kifuani,
na hilo hatukuwa tumefundishwa.
Korona ikanyamaza.
Ukimya wake ulituamsha usiku.
Chambegha sasa anarusha mienge mbele ya watalii, Mombasa,
analeta picha, haleti hela.
Wengine hawaleti hata picha.

Alipokufa Kusum tulibishana mpaka alfajiri:
moto au udongo?
Shehe alikuwepo, katekista alikuwepo,
na hakuna aliyejua sala zake.
Tukaleta kuni.
Namkoko, mzee wa miaka isiyohesabika,
akaja na ile kofia, akaishika tumboni,
hakuivaa.

Chini ya kitanda chake tuliikuta kamba ya Semkuya,
imezungushwa kama nyoka aliyeshiba,
imepakwa mafuta ya nazi, Ijumaa kwa Ijumaa,
miaka yote ile.
Tukaifunga: behewa upande huu,
tangi bovu la maji upande ule.
Halmashauri ilituandikia barua kwamba ni hatari.
Tuliisoma. Ina mhuri mzuri.

Mwanangu ana miaka saba.
Jana alifika katikati, kamba ikalia, akasimama.
Nilikuwa chini nimenyoosha mikono,
mimi niliyefundishwa, mimi ninayejua.
Akaniangalia kwa hasira ndogo.
"Mama, toka hapo," akasema.
"Sioni ninapoangukia."