Mabano

Kazi yangu ni masikio na vidole.
Dakika kumi zangu, kumi za Mbeleje,
tunapokezana maneno ya Waheshimiwa
kama watwangaji wa uwele, michi miwili, kinu kimoja,
na yanayomwagika pembeni hayaandikwi.

Wakipiga meza, naandika kwenye mabano: Makofi.
Wakicheka: Kicheko.
Wakifanya yote mawili naweka mkwaju katikati.
Mabano ya kimya hakuna.
Niliuliza, mwaka wangu wa kwanza,
mkuu wa kitengo akasema: Sechelela, kimya si hoja.

Leo upepo wa Juni unasugua vioo kwa vumbi la Dodoma
na Waziri amesimama na barua ya nchi rafiki,
kurasa tatu, muhuri wa dhahabu.
Rais wao anaomba batalioni moja,
kwa muda.
Neno "muda" limetokea mara saba,
tarehe haijatokea hata mara moja.
Nimehesabu. Kuhesabu si kazi yangu.

"Tumealikwa, Mheshimiwa Spika. Aliyealikwa si mvamizi."
(Makofi)

Akainuka Mama Nghambi wa viti maalumu:
"Mimi nilikuwa mhasibu. Vita sivijui, najua daftari.
Askari wao hawajalipwa miezi minane,
mishahara imeota ghorofa kwa shemeji.
Mtu asiyemlipa mlinzi wake
akaja kuazima mlinzi wa jirani,
anamwogopa nani hasa? Mwizi, au mlinzi?"
(Kicheko)
"Msicheke."

"Taarifa, Mheshimiwa Spika!" Kijana wa mstari wa nyuma:
"Nyumba ya jirani ikiungua
huulizi kwanza kama mwenye nyumba ni mlevi."
(Makofi)
Na hapo vidole vyangu vilikubaliana naye,
maana niliziona picha za daraja lile,
wanawake na magodoro kichwani,
mtoto kampakata kuku kama mdogo wake.
Si wao waliojenga ghorofa ya shemeji.

Zamu ya Mbeleje. Chai ya tangawizi koridoni.
Ujumbe kwenye simu, wa Ndahani, kitinda mimba wetu, koplo:
"Dada, mmefika wapi?"
Kana kwamba mimi ndiye ninayesema.
"Sisi tumeshachanjwa homa ya manjano.
Eti huko milimani kuna baridi?"
Wameshachanjwa.
Hoja bado iko mezani, haijahojiwa.

Nikalikumbuka tembe la Mama Chilewa, kule Mvumi,
paa la udongo lililokunywa mvua ya Januari
likabonyea katikati kama mgongo wa punda aliyechoka.
Baba aling'oa nguzo ya zizi letu akalitegemeza.
Kwa muda, alisema naye.
Usiku wa tatu fisi walipita palipokuwa na pengo.
Asubuhi baba akaifuata nguzo yake.
Aliishika, akasikia paa zima linapumua
juu ya wale watoto na mkeka wao,
akaiachia, akarudi mikono mitupu.
Mume wa Mama Chilewa alikuwa mlangoni,
anawasifia wapita njia uimara wa nyumba yake.

Zamu yangu.
"Wanaoafiki waseme ndiyo."
"Wasioafiki waseme siyo."
"Nadhani walioafiki wameshinda."
Nadhani. Hilo nalo tunaliandika, kila siku,
hakuna anayeliuliza.

Mama Nghambi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge,
na ukumbi, sijui kwa nini, ukatulia.
Sekunde nne. Labda tano.
Nikafungua mabano.
Kialama kikawaka, kikazimika, kikawaka.
Kisha makofi yakaja, nikaandika Makofi,
nikafunga.

Saa mbili usiku, Ipagala, umeme umekatika,
nilimjibu Ndahani kwa chaji iliyobaki:
beba sweta. Lile la bluu, alilolifuma mama.