Kiuno cha Mtu Mwingine
(Maputsoe, Lesotho)

Jumatatu tuliambiwa tusiwashe cherehani.
Safu nne za wanawake, mikono mapajani.
Baridi ya Juni ilipenya mabati,
na Relebohile, anayeshona mifuko ya nyuma
mia tatu kwa zamu bila kutazama,
alikuwa akivitazama vidole vyake
kana kwamba ameviazima.

Meneja Hsieh alisoma karatasi kwa Kiingereza,
'Mantsebo wa ghalani akatutafsiria.
Neno moja lilimkwama.
Alisema ushuru, akameza mate,
akasema: ni kodi ya mlangoni kwa watu,
ila anayeachwa nje ni sisi.

Mimi hushona zipu.
Miaka kumi na mmoja nafunga viuno nisivyovijua,
vya Ohio, vya Texas, vipana, vyembamba,
kiuno cha mtoto wa shule.
Sijaonana na hata kimoja.
Nao hawajui kuwa milima yetu ina theluji,
kuwa nchi yetu imezungukwa na nchi moja,
kifungo ndani ya tundu lake.

Redioni mtaalamu alisema tutafute masoko mapya.
Alisema tutafute
kama mtu aliyepoteza funguo nyumbani kwake.
Mume wangu akaizima kwa kidole gumba.
Baba yake alichimba dhahabu Welkom, naye akachimba,
mpaka bei ilipoanguka kwenye miji
ambayo hakuna aliyewahi kuichimba,
shimo likafungwa, akarudi na blanketi na kikohozi.
Wiki iliyofuata nikaingia kiwandani.
Hivyo ndivyo uchumi wetu unavyobadilika:
mwanamume anarudi nyumbani,
mwanamke anatoka.

Sasa tumo ndani sote wawili,
na birika moja.

Limpho, wa kidato cha pili, kaambiwa na mwalimu
achore mustakabali wa taifa.
Kachora bwawa: maji yetu
yanayoteremka kwenda kuuzwa ng'ambo ya mpaka.
"Maji hayashonwi, mama," akaniambia.
"Hayana oda ya kufutwa."
Nikamtazama anavyopaka buluu, kwa bidii, ulimi nje.
Nikataka kumuuliza: na mnunuzi akichimba kisima chake?
Nikamchongea penseli.

Bahasha ya mwisho ilikuwa na maloti ya wiki mbili
na shukrani zilizopigwa chapa.
Lori lilikuja kuchukua cherehani.
Yangu, namba arobaini na moja, ilipakiwa ya tatu,
na uzi wa rangi ya machungwa bado kwenye sindano,
ukajivuta sakafuni hadi mlangoni
kisha ukakatika, pasipo kelele.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshona zipu moja
isiyokuwa kwenye hesabu ya mtu.
Ile suruali nimeivaa.
Inanipwaya:
ilikatiwa mwili ulioshiba.

Jana usiku niliipunguza
kwa mkono,
karibu na mshumaa,
nikipima kwa kiuno changu.