Usifute Kitu

Aliileta ndani ya beseni, juu ya khanga iliyokunjwa,
kama anayepeleka mgonjwa zahanati:
sipiyu ya Nyanjura, muuza dagaa wa Mwaloni,
kimya tangu Jumanne, umeme uliporudi kwa hasira.

"Mafundi watatu," alisema, "wote neno moja:
piga windo upya, mama, uanze mwanzo.
Mimi sitaki kuanza. Nataka kuendelea."
Akakaa juu ya ndoo ya rangi, akaitazama mikono yangu.

Nikafungua. Harufu ya Kirumba ikatoka kabla ya vumbi.
Na kwenye mazabodi, kapasita tatu zimevimba
kama macho ya sato aliyesahauliwa juani.
Ubao umekufa, nikamwambia. Diski ni nzima.
"Basi iliyokufa ni nyumba. Mwenye nyumba yuko."
Sikuwa na la kuongeza.

Siku mbili nilizunguka Makoroboi nikitafuta ubao,
si ndugu wa tumbo moja, hao hawapatikani tena,
bali wa ukoo: soketi ileile, ramu ileile.
Nikaupata kwa Kwilasa, ndani ya mashine ya steshenari iliyofungwa,
elfu arobaini na tano, na maneno mengi ya bure.

Prosesa unaishika kwa kingo, pumzi umeibana.
Unafuta dawa ya joto iliyokauka,
unatia mpya, punje moja ya mchele, basi.
Nyaya za swichi ni nyembamba kama miiba ya furu
na kila mmoja unataka jino lake.

Ubao wa kuhamia mimi huuita mama wa kambo.
Mtoto kalala kwa mama mmoja, anaamkia kwa mwingine;
usimwamshe kabla hujamtandikia kama alivyozoea.
Nami siku ile nilisahau. Nakiri.
Skrini ikawa buluu,
buluu ya ziwa saa saba mchana, hata mtumbwi hamna,
na Nyanjura akasimama. "Umefuta?"
Sijafuta. Ameshtuka tu.

Nikazima. Nikaingia kwenye mipangilio ya ubao
nikatafuta mstari mmoja, namna ya kuisoma diski,
nikaurudisha ulivyokuwa enzi za marehemu.
Nikawasha.
Vidoti vikazunguka. Inaandaa vifaa, ikaandika,
asilimia kumi na nane, asilimia arobaini,
inapapasa kuta gizani: huu mlango wa sauti ni wa nani,
hii kadi ya mtandao mbona siijui?
Ikajizima yenyewe. Ikajiwasha yenyewe.
Nje, jenereta la kinyozi likakohoa.

Kisha picha: wanawake wawili kwenye kivuko cha Kamanga,
vitenge sare, mmoja kafumba macho kwa upepo.
Faili lilikuwa palepale, MADENI,
miaka sita ya magunia, nani kachukua, nani kapunguza.
Akaniambia nishuke. Nishuke tena. Hapo.
Nyangeta. Magunia matatu. Hajalipa.

"Dada yangu," akasema. "Tulimzika Majita mwaka juzi."
Watoto wake wamemwambia mara ngapi auondoe huo mstari.

Betri ya ubao ilikuwa imekwisha, ndipo nikaiona saa:
Januari mosi, ya mwaka wa mbali,
kabla ya gunia la kwanza,
kabla ya mtu yeyote kumdai mtu.
Nikapeleka mkono nirekebishe.

"Ngoja," akasema.

Nikangoja. Kwenye kona windo lilikuwa linaomba lithibitishwe,
halina hakika kama bado ni lenyewe.
Muuza kahawa akapita, akagonganisha vikombe, hakuna aliyemwita.
Nyanjura alifunga khanga yake upya, taratibu, kiunoni.

"Haya," akasema. "Irudishe leo."