Maboga Kumi na Mawili

Bwana Luka kaniita jikoni saa mbili asubuhi,
kanionyesha simu: boga lina macho, lina meno.
"Kumi na mawili kama hili, Mkasi, kabla ya magharibi.
Leo Halowini."
Nikanoa kisu.

La kwanza nililikosea, likatoka linacheka
kama shemeji Jecha akiulizwa deni.
La pili likakasirika vyema.
Kufika la saba mkono umeshazoea kutoboa,
na nyama yote, mbegu na nyuzi zake,
imelala kwenye ndoo inangoja kumwagwa.
Kumwagwa!
Mie, wa Makunduchi,
nimwage boga na nazi ipo?

Ukumbini wanatundika pamba, eti utando wa buibui,
ule ninaoukimbiza kwa ufagio kila Alhamisi.
Vuai wa baa kapewa shuka jeupe la chumba namba sita,
limetobolewa macho, azunguke meza awatishe wageni.
Saa nzima kakaa nalo mapajani.
"Mkasi, mama akiniona nimejivika sanda ningali napumua
atanisomea hitma kwa hasira."
Mwishowe akalivaa. Kazi ni kazi.
Ila juu yake akatia kofia yake ya Ijumaa,
mzuka mwenye kofia,
na wageni wakapiga makofi.

Nikarudi nyumbani na ndoo kichwani,
kwapani boga lile la kwanza, lenye uso wa Jecha.
Mama akachungulia ndoo kabla ya kunitazama mimi.

"Na watoto wao hupita mlango kwa mlango?"
Ndiyo, mama. Wanaomba peremende.
"Basi ni mkono wa Idi."
Si Idi, mama. Wanasema ni usiku wa wafu.
"Na hao wafu wanapewa nini?"

Sikuwa na jibu. Nikakuna nazi.

Akiwa anakoroga ndipo alipoanza na Mwaka wake,
si huu wa Julai wenye mahema na vipaza sauti
na viti vya waheshimiwa vilivyofungwa utepe,
na kile kidude kinachonguruma juu ya Kae Kuu
kikitupiga picha za utosini.
Wake: usiku wa kuamkia, kila jiko linazimwa,
jivu linazolewa hadi la pembeni,
na mji mzima unakaa kizani kungoja moto mpya.
"Giza lile," alisema, "halikuhitaji boga."

Asubuhi yake marehemu baba alikamata gomba
akamfuata Ussi wa Kajengwa kwa ajili ya mpaka wa konde.
Walipigana hadi magomba yakabaki nyuzi,
kisha wakala wali sinia moja,
na mpaka ukabaki pale pale ulipokuwa.

Mwaka huu niliona vijana wawili wasiodaiana hata salamu
wakichapana, na mwenye kamera akawaambia,
"Rudieni, haikutoka vizuri."
Wakarudia.
Sisi wanawake bado tunawatukana wanaume kwa nyimbo,
hilo halijafa, alhamdulillahi,
ingawa mwanangu Nyezuma aliimba
akisoma kwenye simu.

Ni huyo huyo Nyezuma aliyetia kibatari ndani ya boga
akaliweka kizingitini.
Watoto wa jirani wakaja, mmoja, watatu, tisa.
Peremende hatuna.
Mama akawapakulia boga la nazi kwenye vikombe vya chai,
akawaambia waseme bismillahi mbele ya ule uso.
Wakala, wakaramba vidole,
wakauliza kama kesho pia ni Halowini.

Alfajiri mbuzi wa Jecha ameshaanza kuula uso,
kwa meno kwanza.
Mama yuko uani, ameanika mbegu kwenye ungo,
anazigeuza moja moja,
vuli haijakaa sawa.
Nyezuma kachutama mbele yake:
"Bibi, sasa katika hizi, ipi yetu?"

Mama akamwambia asogee,
anamzuilia jua.