Farasi Elfu wa Loishiye

Alikuja Jumanne, mvua ikinyesha Unga Limited,
na juu ya lori la kukodi, chini ya turubai la kufunikia maharage,
Chevrolet ya mwaka sabini, usukani kushoto,
milango miwili mirefu kama mbao za jeneza.
Jiwe moja la Mererani ndilo lililoilipa.
Hakusema lilikuwa kubwa kiasi gani;
alinionyesha ncha ya kidole, akacheka.
"Anaeli, nataka farasi elfu moja.
Na turbo mbili. Mbili, kama pembe."

Farasi elfu utawachungia wapi, nikamuuliza.
Toka hapa mpaka Kisongo nimehesabu matuta kumi na tisa,
na trafiki mwenye tochi hujibanza kwenye kivuli cha mjakaranda.
Akanijibu kama mwana wa wafugaji:
"Mtu hafugi kwa ajili ya nyama tu."
Nikanyamaza.
Ninazo spana ambazo sijawahi kuzishikisha nati.

Habari ikazunguka kabla chai haijapoa.
Zefania wa vipuri akaapa kwa Toyota, silinda sita, mstari mmoja:
"Zimejipanga kama watoto wa kipaimara, hakuna anayemsukuma mwenzake.
Ipe presha mpaka mshale uzunguke, haitoi hata jasho."
Gurdeep wa Themi akaitaka V8 ya alumini,
ile ya pikapu iliyobiringika Makuyuni,
nyepesi, ili pua ya gari isiinamie kona.
Na Lomayani, kijana wangu,
ambaye hajafunga hata injini ya pikipiki peke yake,
akataka dizeli ya Landkruza
kwa sababu moshi wake, alisema, unapendeza.

Mchagua nazi hupata koroma, husema watu wa pwani.
Sisi hatuna minazi.
Huku mchagua injini hupata deni.

Usiku, walipoondoka na ushabiki wao,
nikafungua boneti.
Panya alikuwa amezaa juu ya kabureta.
Chini yake, chuma: silinda nane, lita saba na kitu,
kimekaa tu, kama mgeni ambaye hajakaribishwa chakula.
Nikaigonga bloku kwa nyundo ndogo, hapa, hapa, na hapa,
ikalia safi, haina ufa.
Nikapima matundu yake moja baada ya jingine.
Mikromita haina timu.

Hewa ya mji huu ni nyembamba.
Injini inayovuta kwa mapafu yake yenyewe
hufika Arusha imeacha farasi mmoja katika kila saba
huko chini, njiani, mahali fulani baada ya Korogwe.
Turbo ya kwanza, basi, ni kumrudishia pumzi
aliyeporwa na mwinuko.
Ya pili ni tamaa.
Nimeiandika kwenye hesabu, na bei yake pembeni.

Asubuhi nikamwambia: tunabaki na chuma chako.
Ni kizito, ndiyo, na Gurdeep atanuna.
Pistoni za kufua, konrodi nene, gasketi ya chuma tabaka tatu,
mgandamizo tuushushe, nane na nusu kwa moja, isijilipue.
Nitakupa farasi mia saba.
Mia tatu waache ndani ya mwamba
mpaka upate jiwe jingine.

Akaitazama sakafu yenye mafuta muda mrefu,
kama mtu anayehesabu kundi likiingia bomani.
"Mia saba," akasema. "Hao naweza kuwajua kwa rangi."
Akanipa mkono. Kisha, mguu mmoja ukiwa nje ya geti:
"Na watasimama kwa nini?"

Wiki nzima ya kelele,
Zefania, Gurdeep, mimi na mikromita yangu,
hakuna aliyekuwa ametaja breki.
Nikapiga magoti, nikavua gurudumu la mbele.
Breki ya ngoma, ya mwaka ule ule,
kutu,
na buibui mmoja ambaye hakuwa na haraka.